Kiwanja Bukoba: nitajuaje ardhi itatikisika kiasi gani tetemeko likija?

NyumbaKwanza:

Wakuu habari zenu. Naomba wanaojua mambo ya matetemeko na ujenzi wanisaidie kabla sijalipia kiwanja.

Nataka kujenga Bukoba mjini, nyumba ya kawaida ya chini, vyumba vitatu. Nimeonyeshwa viwanja viwili. Kimoja kiko tambarare upande wa Kashai, udongo mweusi, majirani wanasema ukichimba shimo la choo maji unayakuta mapema tu, bei nzuri na barabara inafika mpaka kiwanjani. Kingine kiko juu mlimani, jiwe tupu, mteremko mkali, na kupandisha tofali na mchanga mpaka pale ni hela nyingine. Moyo uko kwenye kile cha chini ila kila nikikumbuka lile tetemeko la Septemba 2016 nasita.

Nilivyoanza kuulizia nikazidi kuchanganyikiwa. Fundi mmoja ananiambia nijenge nyumba ya kuhimili richa 6. Jamaa yangu kanitumia ramani ya Afrika imepakwa rangi, maelezo yake yanasema uwezekano wa asilimia 10 ndani ya miaka 50, alafu mahali pengine wanaiita ya miaka 475. Hivi maana yake tetemeko linarudi baada ya miaka 475? Na kwenye hiyo ramani Bukoba nzima ni rangi moja, sasa viwanja vyangu vina tofauti yoyote au ni kujichosha tu?

JiolojiaMtaani:

Mkuu umefanya jambo la maana kuuliza kabla ya kulipa, wengi wanauliza nyumba ikishapasuka.

Hiyo habari ya richa 6 iweke pembeni kwanza. Ile namba ni ukubwa wa tetemeko lenyewe kule lilikotokea, nyumba yako haiioni. Nyumba inaona mtikisiko uliofika chini ya msingi wake, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Angalia Christchurch kule New Zealand, Septemba 2010 walipigwa na 7.1 ambalo kitovu chake kilikuwa mbali kidogo na mji na halikuangushia watu majengo na kuwaua, ikaja Februari 22, 2011 dogo zaidi, 6.2, ila hili likapasukia karibu kabisa na mji na si chini sana, wakafa watu 185. Hata kwetu huku Maziwa Makuu, Februari 3, 2008 kulikuwa na 5.9 upande wa Bukavu na Cyangugu, na letu la Septemba 10, 2016 nalo likawa 5.9, namba ileile, lakini la Bukavu lilikuwa kama kilomita 10 kwenda chini na letu kama 40. Ndo mana letu lilisikika eneo kubwa sana, mpaka Uganda, Rwanda na Kenya, lakini pale juu ya kitovu kule Missenyi halikuwa kali kama ambavyo lingekuwa lingepasukia kilomita 10.

Kwa hiyo watu wanaotathmini hatari ya mtikisiko wanajiuliza mambo matatu kwa mfuatano. Matetemeko yanaweza kutokea wapi na mara ngapi kwa kila ukubwa. Mtikisiko unapungua vipi ukisafiri kutoka huko mpaka kwako. Na udongo ulioko chini yako unaufanya nini huo mtikisiko ukishafika. Ramani ya jamaa yako imejibu la kwanza na la pili tu. La tatu karibu ramani zote kubwa za nchi na za bara huwa hazijibu, zinachukulia kwamba kila mtu kajenga juu ya mwamba. Hapo ndo jibu la rangi moja Bukoba nzima, na hapo ndo viwanja vyako vinapoachana.

Sasa miaka 475. Haina maana tetemeko lina ratiba. Maana yake ni kwamba kiwango kile cha mtikisiko kilichochorwa, uwezekano wa kukivuka ni moja kwa 475 kila mwaka, mwaka huu na mwakani na mwaka mwingine vilevile. Ukizikusanya kwa miaka 50 unapata kama asilimia 10, ukikaa kwenye nyumba miaka 30 ni kama asilimia 6. Wahandisi waliamua kwamba kwa nyumba ya kawaida kiwango hicho kinafaa kujengea, hospitali na mabwawa wanachukua kiwango kikali zaidi.

Kinachonisumbua kwa ukanda wetu ni jibu la swali la kwanza. Kumbukumbu zetu za vipimo ni fupi, karne moja na ushee. Kubwa kuliko yote kwenye hizo ni la Rukwa, Desemba 1910, zaidi ya 7. Kuna Subukia Kenya Januari 1928, 6.9, ardhi ilipasuka ikaonekana kwa macho kilomita nyingi. Kuna Toro Uganda Machi 1966 lililoua zaidi ya watu 100, na Ziwa Tanganyika Desemba 2005, 6.8, Kalemie wanalikumbuka. Sasa mpasuko mmoja wa miamba kule chini ya ardhi unaweza kukaa kimya karne kadhaa kabla ya kupasuka tena, kwa hiyo mahali ambapo hatuna kumbukumbu ya kubwa hakujathibitika kuwa salama. Wataalamu wanajaribu kuziba pengo kwa kuhesabu yale madogo, kwa sababu kwa kawaida ukishuka ukubwa kwa namba moja idadi inaongezeka kama mara kumi, so ukiwa na hesabu nzuri ya yale ya 4 unaweza kukadiria ya 5 na ya 6 yanakuja mara ngapi. Na kujua jinsi mtikisiko unavyopungua njiani tunaazima kanuni za California na Ulaya na kwingine maana vipimo vya mtikisiko mkali vya huku kwetu ni vichache mno. Ndo mana wakifanya kazi vizuri wanatumia kanuni kadhaa kwa pamoja, kila moja inapewa uzito wake, na jibu linatoka likiwa na kiwango cha chini na cha juu. Ukiona mtu anakupa namba moja tu bila hiyo nafasi ya kutokuwa na uhakika, muulize kaitoa wapi.

Rwamishenye Boy:

Mi naona mnamtisha jamaa bure. Lile la 2016 limeshatoa nguvu yote, wazee wetu waliishi pale miaka yote hawakuona kitu kama kile, so hata kingine kikija ni wajukuu zetu. Jenga chini ndugu, kuna barabara na maji.

JiolojiaMtaani:

Rwamishenye Boy nakuheshimu lakini hilo hapana. Tetemeko moja la 5.9 linaachia nguvu ya kipande kidogo cha mpasuko, kilomita chache tu za urefu. Sehemu nyingine za mpasuko huohuo na mipasuko ya jirani zinabaki na mzigo wake, na zingine zinaongezewa. Ukiruka namba moja nguvu inapanda kama mara 32, kwa hiyo ili lile la 2016 litoe nguvu sawa na moja la 6.9 yangetakiwa kama 32 ya aina yake.

Tena Kagera yenyewe imetufundisha kitu. Mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ule wa Albert, Edward, Kivu, Tanganyika mpaka Rukwa, ndo kila mtu anauangalia na ramani zinaupaka rangi kali. Kitovu cha 2016 kilikuwa mashariki ya huo mkono, mahali ambapo mtu wa kawaida asingeonyesha kidole. Hiyo peke yake inatosha kusema tusichore hatari kwenye mistari mikubwa tu.

Mama Koku:

Mimi nilikuwa Hamugembe, hapohapo Bukoba mjini, siku ile ya tetemeko la 2016, Jumamosi, saa tisa na nusu hivi alasiri. Kwetu kulivunjika sana, siwezi kusahau. Nichangie nilichokiona kwa macho yangu baada ya pale maana nilizunguka kwa ndugu karibu wiki nzima kusaidia.

Nyumba nyingi hazikuanguka zote. Kilichoanguka kwanza ni zile pembetatu za ukuta kule juu chini ya bati, zimejengwa kwa tofali za kuchoma bila kufungwa na chochote, zikadondoka nje au zikaingia chumbani juu ya vitanda. Kati ya dirisha na dirisha unakuta ufa umekatiza kama herufi X. Kwenye kona za nyumba kuta mbili zimeachana unapitisha mkono. Na tofali zilizodondoka ukiziokota ni safi kabisa, hazina hata saruji iliyoganda juu yake, maana walijengea udongo katikati na saruji wakapaka nje tu kwa plasta, kwa hiyo ukiitazama nyumba kabla ya siku ile ni nzuri na imepakwa rangi.

Jirani yetu alikuwa na nyumba ya zamani ya miti na udongo, ile ilipukutika udongo lakini ikasimama, hakuumia mtu. Shule za Ihungo na Nyakato mliona wenyewe zilivyobomoka, majengo ya mawe na tofali yaliyokaa miaka na miaka. Mwanangu usije ukafikiri ukubwa wa ukuta ndo usalama.

JiolojiaMtaani:

Asante sana Mama Koku, hayo ndo maelezo ninayoyataka kila siku. Ule ufa wa X ni ukuta kuvutwa huku na huku, kila mkono wa X ni msukumo wa upande mmoja. Na kuhusu ukuta mzito, hesabu ni fupi, nguvu inayousukuma ukuta kwa pembeni ni uzito wake mara mtikisiko. Ukuta na paa vya tani 20 vikipata mtikisiko wa asilimia 15 ya nguvu ya uvutano, vinasukumwa pembeni na nguvu ya tani 3. Punguza uzito kule juu umepunguza na msukumo, ndo mana bati ni nafuu kuliko vigae vya zege.

Sasa nirudi kwenye viwanja maana ndo swali lenyewe. Mawimbi yakitoka kwenye mwamba mgumu yakaingia kwenye tope laini yanapunguza mwendo, yakipunguza mwendo yanapanda kimo, yani mtikisiko unakuwa mkubwa zaidi. Juu ya hapo kila tabaka la udongo lina mwendo wake wa kucheza, kama bembea, ukiisukuma kwa mwendo wake inazidi kupanda hata kama unasukuma kwa mkono mmoja. Mexico City Septemba 19, 1985 kitovu kilikuwa mbali zaidi ya kilomita 300 huko pwani ya Pasifiki, lakini mji umekaa juu ya tope la ziwa la zamani, lile tope likacheza kwa mwendo wa kama sekunde mbili kwenda na kurudi, na majengo ya ghorofa 6 mpaka 15 ndo yaliyoumia zaidi huku mengi ya chini yakibaki yamesimama.

Usije ukasema basi nyumba ya chini iko salama kwenye tope. Nyumba ya chini inacheza kwa haraka, kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ukipiga kwa makadirio, kila ghorofa inaongeza hapo sehemu moja ya kumi nyingine. Udongo laini wa kina cha mita 5 tu juu ya mwamba, ambao mawimbi yanapita ndani yake kwa mita 200 kwa sekunde, nao unacheza kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, yani umelingana na nyumba yako. Ukiwa na kina cha mita 15 utalingana na ghorofa tatu. Kwa hiyo bila kujua mwamba uko umbali gani chini pale Kashai huwezi kusema. Na hizo kanuni za ujenzi za Ulaya, kwenye udongo laini kabisa zinataka uongeze nguvu ya mtikisiko kwa mara 1.35 mpaka 1.8 kuliko mwamba, kutegemea ni aina gani ya matetemeko yanayotawala eneo.

Na hayo maji ya karibu usiyapuuze. Mchanga mlegevu uliojaa maji ukitikiswa unaweza kugeuka ukawa kama uji, nyumba inazama upande mmoja na matangi ya maji machafu yaliyofukiwa yanaibuka juu. Mashariki ya Christchurch mitaa mizima iliachwa kwa sababu hiyo. Mfinyanzi hauna sana tabia hiyo, mchanga ndo wenyewe, so ni muhimu kujua huo udongo mweusi chini yake kuna nini.

mdau_wa_Kivu:

Jambo wandugu, mimi niko Goma. Niongeze kitu juu ya zile ndogo zenye kuwa karibu na uso. Mwezi wa tano 2021 kisha Nyiragongo kulipuka tulitikiswa siku kwa siku, usiku na mchana, na kwa namba hazikuwa kubwa, karibu 5 kwenda chini. Lakini ziko hapo chini ya miguu, nyufa zikakata barabara na nyumba Goma na Gisenyi, watu wakalazimika kuhama. Nyumba ya kwanza kupasuka haikuanguka siku ileile, ilianguka siku zenye kufuata maana kila mtikisiko uliikuta imeshachoka. Kwa hiyo wakati munapima, muwaze pia ile ya pili na ya tatu.

NyumbaKwanza:

Aisee nashukuru sana wote, Mama Koku umenigusa. Sasa kwa mtu wa kawaida kama mimi, vipimo vya udongo naanzia wapi? Si nitaambiwa mamilioni?

JiolojiaMtaani:

Anza na vya bure. Uliza visima vya jirani, kila aliyechimba anajua alipita udongo gani na mwamba aliukuta wapi. Tembea uone nyumba za mwaka 2016 zilizobaki na zilizojengwa upya, uliza kila mwenyewe kilianguka nini na ilijengwaje, ukiona mtaa mzima umeumia na nyumba zake hazikuwa mbaya basi ujue ardhi ilichangia.

Kisha chimba shimo la mtu mmoja kusimama, mita moja na nusu au mbili, kwenye kona ya kiwanja. Tazama ukuta wa shimo baada ya siku mbili. Maji yamepanda mpaka wapi, udongo unamomonyoka wenyewe au umesimama, ukiufinyanga mkononi unakaa kama kamba au unamwagika kama mchanga. Piga picha, weka hapa tutakusaidia kusoma.

Kipimo cha kitaalamu chenye unafuu ni kile cha kutega kifaa kidogo cha kupimia mitetemo juu ya ardhi nusu saa hivi, kinasikiliza mitikisiko midogo ya magari na mawimbi ya ziwa, alafu wanalinganisha mtikisiko wa pembeni na wa juu chini, wanapata ardhi inacheza kwa mwendo gani. Hakichimbi chochote. Kuna na kile cha kupiga nyundo kubwa ardhini huku vipokezi vimepangwa kwenye mstari, kinatoa mwendo wa mawimbi mpaka mita 30 chini, ukipata chini ya mita 180 kwa sekunde ni laini sana, juu ya 760 ni mwamba. Ulizia GST, taasisi ya jiolojia ya Tanzania, pale Dodoma, ndo wanaorekodi matetemeko ya nchi, na vyuo vyenye jiolojia, wanafunzi wa shahada za juu mara nyingi wanatafuta maeneo ya kupima. Mkiungana majirani kumi kwenye mtaa mmoja gharama inagawanyika na kipimo kinawafaa wote.

Kuhusu cha mlimani, mwamba ni afadhali kubwa lakini usijenge pale kwenye ukingo kabisa au kwenye kilele chembamba, ncha za milima nazo zinakuza mtikisiko, na angalia juu yako kama kuna mawe yaliyolegea. Rudi nyuma ya ukingo kadiri kiwanja kinavyoruhusu.

Fundi Mkanda:

Mi naongea ya ufundi tu, jiolojia nawaachia wenyewe.

Popote utakapojenga, mkanda wa chini juu ya msingi na mkanda wa renta juu ya milango na madirisha uzunguke nyumba nzima, usikatike hata kwenye kuta za ndani. Kona ndo mafundi wengi wanaharibu, nondo zinaishia pale zimekutana vichwa, hapo hakuna kilichoshikana. Nondo ikunjwe igeuke kona iende upande wa pili nusu mita au zaidi ifungwe na mwenzake. Nguzo kwenye kila kona na kila kuta zinapokutana, nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 15 mpaka 20, na ncha za ringi zikunjwe ziingie ndani ya zege.

Kitu kingine, jengeni ukuta kwanza mkiacha meno ya tofali kwenye nafasi ya nguzo, ndo mmwage zege ya nguzo iingie kwenye meno. Sisi tumezoea kumwaga nguzo kwanza alafu tunajazia tofali, ukuta unabaki umeegemea tu. Gharama ni ileile, ni mpangilio wa kazi.

Dirisha lisikae karibu na kona, acha angalau sentimita 60 ya ukuta mzima. Ile pembetatu aliyosema Mama Koku usiijenge kabisa, paa liwe la kuteremka pande zote nne, au pale juu uzibe kwa mbao na bati. Na udongo wa kujengea achana nao, tafuta saruji.

NyumbaKwanza:

Nimeamua kuchimba mashimo kwenye viwanja vyote viwili kabla ya kulipa, ila moyo umeanza kuhamia mlimani. Fundi pale kwenye mteremko nikate kilima nijaze kifusi upande wa chini nipate usawa?

Fundi Mkanda:

Kata, lakini nyumba yote ikae upande uliokatwa, kifusi kiwe cha uwanja na maegesho. Nimeona nyumba nusu iko juu ya jiwe na nusu juu ya kifusi, hata bila tetemeko inapasuka katikati mvua za masika zikipita, likija tetemeko ile nusu ya kifusi inatikisika tofauti na mwenzake na kushuka. Kama usawa uliokatwa hautoshi vyumba vitatu, punguza upana uongeze urefu kufuata kilima, au shusha msingi wa upande wa chini mpaka ufike jiwe lilelile, hata kama ni kozi kumi za mawe. Na ule ukuta wa kilima uliokata nyuma ya nyumba uache nafasi ya kutosha, usiuegemeze na chumba cha kulala, weka mfereji wa maji juu yake. Ukishachimba weka picha za mashimo, nitakwambia jiwe linaanza wapi.

JiolojiaMtaani:

Naunga mkono fundi. Na kwenye shimo la mlimani angalia kama jiwe ni zima au lina nyufa zinazolala kufuata mteremko, zikilala kuelekea bondeni piga picha kwa karibu uweke na rula pembeni, hilo tulijadili kabla hujalipa.

Mama Koku:

Ukipita Hamugembe uliza tu, nitakuonyesha nyumba zilizosimama na zilizoanguka, nyingine zilikuwa zimepakana.